Chungu Ulichokifudikiza Nyuma ya Jiko

Mama Furaha wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yangu unaijua, kwa hiyo huko uliko kaa vizuri unisikilize. Mikono imechubuka, kiuno kinauma, parseli nzima, nyumba na uwanja wake, inanuka ndizi zilizooza, na avenyu yetu imepata kichekesho cha bure: mzee wa reli amegeuka mama wa pombe. Yote kwa sababu yako. Umekaa nami maisha, ukanifundisha mpaka namna ya kukunja blanketi, lakini pombe yako ya ndizi hukunionyesha hata siku moja. Nikisogea jikoni ulikuwa unanyoosha kidole. "Toka pale, Baba Furaha. Pombe haipendi macho ya mwanaume." Sawa, macho nikayatoa. Sasa umekwenda wewe, macho yamebaki, na hayajui kitu.

Unakumbuka siku tuliyokuzika? Hukumbuki, nasema upuuzi. Basi nikuambie. Kaka yako Lutala alikuja kutoka kwenu Pangi pamoja na ndugu zenu. Walilia, wakaimba, na walipomaliza yeye akaenda peke yake nyuma ya jiko, pale ulipokifudikiza chungu chako tangu vita ilipoisha. Akakigonga kwa kidole. Akasikiliza mlio wake. Kisha akaniuliza mbele ya watu wote: "Shemeji, siku ya kutoa matanga, tutakikuta na pombe ao tutakikuta na vumbi?"

Maana yake unaijua kuliko mimi. Kwenu chungu cha mwanamke hakizikwi naye, wala hakirithiwi hivi hivi. Ndugu zake wakija kumaliza matanga wanatafuta kile chungu alichotoka nacho kwao siku ya ndoa. Wakikikuta na pombe, wanakunywa, wanamwachia mume. Wakikikuta kikavu, wanakibeba kichwani kurudi nacho, na kila anayewaona njiani anajua kwamba kule dada yao alikokuwa, hana mtu tena. Hana mtu tena! Na mimi nimekaa hapa kwenye kiti, nina pumzi zangu na miguu yangu miwili!

Nikamjibu, "Mutakikuta na pombe." Nilisema kwa sauti kubwa, wewe ungeniambia nipunguze. Na wakati nasema hivyo sikujua hata kazi inaanzia wapi.

Furaha alinipigia simu kutoka Kinshasa. Mtoto wako huyo ana kichwa chako. "Papa, tutanunua kaziye za bia za chupa, mambo yaishe. Nani anakunywaka ile kitu leo?"

"Ile kitu njo ilikulisha wakati wa vita," nikamwambia.

Halafu akasema, "Basi, Papa, uangalie hata kwa simu namna watu wanapika."

Kwanza ndizi. Nilichimba shimo karibu na mpapai, nikalitandika majani makavu ya mgomba, nikapanga ndizi mbichi, nikafunika, nikawasha moto mdogo kwenye tundu la pembeni ili moshi uingie. Hayo niliyajua kwa sababu shimo lako lilikuwa nje, hukuweza kulificha. Lakini mimi ni mtu wa reli, Mama Furaha. Kazi yangu yote ilikuwa kukagua. Gari moshi lisipokaguliwa linaanguka. Basi nikawa nafunua shimo asubuhi kuangalia, mchana kuangalia, jioni kuangalia. Joto likatoka, mvua ikaingia, inzi wakaja na jamaa zao. Nilipofunua kwa mara ya mwisho, upande mmoja ulikuwa bado kijani kama mpya, upande mwingine umegeuka uji mweusi. Kila aliyepita akanipa methali: "Mvumilivu hula mbivu, Baba Furaha." Mvumilivu hula mbivu! Nimeisikia mpaka nikataka kumpiga mtu na ganda.

Aliyecheka kuliko wote ni Mama Zaina. Bado yuko pale pale ng'ambo ya ua wa matete, rafiki yako wa kuazimana chumvi, mswalihina asiyeonja tone la pombe tangu azaliwe. Alisimama kwenye ua, mtandio kichwani, akatazama shimo langu. "Baba Furaha, ile shimo ni ya ndizi ao ni ya kuzika muntu?" Nikamwambia aende zake. Hakwenda.

Safari ya pili nikajifunga. Shimo sikuligusa, ndizi zikaiva njano nzuri, na harufu ikapita avenyu nzima. Nikafuata ushauri wa mtoto wako, nikatazama kwenye simu. Kijana mmoja mwenye ndoo nyeupe anapika pombe nyumbani kwake, sijui nchi gani, anasema siri ya kwanza ni usafi: osha kila chombo mpaka king'ae. Nikasema, huyu ana akili. Nikakichukua chungu chako, kile cheusi cha masizi na mafuta ya miaka, nikakisugua kwa sabuni ya unga, nje na ndani, nikakisugua tena, mpaka kikawa na rangi ambayo hata wewe hukuijua. Nilijisifu! Nikakamua ndizi kwa majani, nikachuja, nikamimina, nikafunika. Kesho yake povu likapanda jeupe, jingi, likamwagika pembeni. Nikaimba, Mama Furaha. Nikamwita Mama Zaina aje aone povu la mwanaume.

Alinusa tu. "Baba Furaha," akasema, na machozi ya kicheko yakamtoka, "weye umefua pombe!"

Nilionja. Ilikuwa sabuni. Niliimwaga kwenye mgomba, na mgomba wenyewe sidhani kama ulishukuru.

Lakini baada ya kicheko Mama Zaina akawa mpole. Akaniambia chungu cha udongo kinakunywa kila unachokipa, na kwamba wewe hukukiosha kamwe kwa sabuni. Ulikuwa unakisuuza kwa maji matupu, unakikausha juu ya moshi. Yeye alikuona kupitia matundu ya ua, miaka yote. Yaani mwanamke asiyekunywa alikuwa anaona, na mume anayekunywa alifukuzwa. Niambie hiyo ni haki gani! Na hofu ikanishika kweli, kwa sababu kama nimekiua chungu, nimekiua chungu cha ndugu zako, na kaka yako Lutala hatakuwa na haja ya kuuliza juu ya vumbi. Nikakichemshia maji, nikamwaga, nikachemsha tena, nikakilaza juu ya moshi wa kuni kama mgonjwa. Kila asubuhi nilikuwa naingiza kichwa ndani kunusa. Siku ambayo sabuni ilitoka yote na ikabaki harufu ya moshi tu, nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mara ya tatu nikafanya kama watu wa kwenu wanavyofanya. Sokoni kuna mama mmoja wa Pangi anauza mahindi yaliyooteshwa, yakakaushwa, yakatwangwa, maalumu kwa pombe ya ndizi. Alinieleza kila kitu, na kwa uvumilivu ambao wewe hukuwa nao. Nikatia mahindi, nikafunika, nikaondoka, sikukagua. Na ikatoka, Mama Furaha! Ya rangi ya asali, tamu mbele na kali nyuma. Wazee wa avenyu walikuja na vikombe vyao, wakapangusa midomo. "Baba Furaha, hii njo pombe!" Mmoja wao aliomba mara tatu bila haya.

Nami nikaonja. Nikaonja tena. Ilikuwa nzuri kabisa, na hapo ndipo hasira ya kweli iliponipanda. Kwa sababu haikuwa yako.

Yako naijua. Usinidanganye kwamba nimezeeka, ulimi wangu ni mzima. Yako ilikuwa nyeusi kama chai iliyochemka sana. Ilikuwa na uchungu fulani wa kuungua ambao ulikuwa unabaki nyuma ya ulimi, na nilikuwa naupenda uchungu ule. Unakumbuka jioni zile? Gari moshi limekufa kwenye gare, pale stesheni, kazi hakuna, mji umezungukwa, mtu akitoka kwenda shambani hajui kama atarudi. Unga hakuna, chumvi hakuna, sabuni tunatengeneza kwa majivu. Mimi nimekaa mlangoni, sina la kufanya na mikono yangu. Na wewe una migomba yako nyuma ya nyumba na chungu chako. Wenye bunduki walikuwa wanakuja kunywa. Wengine waliacha unga kidogo ao kipande cha samaki, wengine waliacha matusi. Majirani waliokuwa na kitu walibadilisha muhogo kwa kikombe. Na mimi, kila jioni, kikombe changu. Nikikimaliza nilikuwa nasema, "Ongeza." Na ulikuwa unaongeza.

Na unakumbuka ulichokuwa unasema? Kila mtu akikusifu, unaharibu sifa. "Hii si pombe, Baba Furaha. Siku njia ya Pangi itafunguka nitakupikia pombe ya kweli." Nikawa naisubiri hiyo ya kweli. Njia ikafunguka. Mahindi yakaja, chumvi ikaja, bia za chupa zikaja. Na wewe ukafanya nini? Ukakibeba chungu, ukakifudikiza nyuma ya jiko, ukafuta mikono. Nilikuomba, Mama Furaha! Nilikuomba kwa maneno matamu, nikakuomba kwa kununa. "Nimechoka na ile kitu," ulisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Ya kweli hukunipikia, ya uongo hukunipikia.

Basi siku ile wazee wakinywa pombe yangu ya asali, mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikakigombeza chungu. Ndiyo, chungu. Nikakiuliza alikuwa anakutia nini yule mwanamke, sema! Mama Zaina akasikia. Akaja mpaka kwenye ua, na safari hii hakucheka.

"Baba Furaha, miye sinywake pombe. Lakini pua haina dini. Ile ya vita ilikuwa na harufu ya muchele wa kuungua."

Nikamwambia haiwezekani. Mchele? Wakati ule? Wakati ule mchele wa Kibombo ulikuwa unapenya kwa watu wa baiskeli waliohatarisha roho zao, na tulikuwa tunapata kiganja kwa mtu, tunaugawa kama dawa. Nani angeuunguza?

"Yeye," Mama Zaina akasema. "Alikuwa anauchoma kwa kikaango mpaka unakuwa mweusi. Mahindi hakukuwa, njo akatia muchele mahali pake. Miye nilimugombeza. Nilimwambia, weye mwanamuke, mtoto analia njaa, na weye unachoma muchele? Akaniambia, 'Sichome ya mtoto, Mama Zaina. Nachoma yangu.'"

Nilishika ua wa matete.

"Akasema, 'Nikiula, ninashiba miye mumoja, na kesho iko njaa tena. Nikiutia mu chungu, tunakula wote.' Akanikataza nisikuambie. Sasa amekufa, na weye unagombeza chungu. Nifanye nini?"

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye barua yangu. Kila jioni ya vita ile ulitupakulia. Mtoto sahani yake, mimi sahani yangu. Na wewe ulikuwa unakaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, unatutazama tunavyokula. Nikikuuliza, "Na weye?", unajibu bila kupepesa jicho, "Miye nimeisha kula kwa jikoni." Kila jioni! Nimeisha kula kwa jikoni! Na mimi mpumbavu nikaona ni desturi ya wapishi, kwamba anayepika anaonja onja mpaka anashiba. Nikaona nguo zinakupwaya nikasema ni mawazo, kila mtu wakati ule nguo zilimpwaya. Halafu ukanipa kikombe, na mimi nikapiga ulimi nikasema tamu, ongeza. Ulininywesha sahani yako, Mama Furaha. Ulinitazama nikiinywa, na ukaniongezea.

Kwa nini hukuniambia? Nakuuliza kwa hasira na nitaendelea kukuuliza kwa hasira. Ningekikataa kile kikombe. Ningekigawa. Ningekula nusu ya sahani yangu nikakusukumia nusu. Ulinyamaza kwa sababu ulijua ningefanya hivyo, sivyo? Ukaamua peke yako, kama ulivyoamua mambo yote ya nyumba hii. Na sasa ninaelewa kwa nini ulikuwa unasema hii si pombe. Ninaelewa na kwa nini njia ilipofunguka hukutaka kukiona tena kile chungu. Mimi nilikuwa nakukumbusha njaa yako nikidhani nakusifu.

Nilinunua sokoni mchele wa Kibombo. Nikaukaanga kwenye kikaango chako, na ulipoanza kuwa mweusi, moshi ukapanda na harufu ile ikaja yote, na mlango na gare iliyokufa na wewe kwenye kigoda. Mama Zaina kule kwake akasema, "Njo hiyo," halafu akafunga dirisha. Nililia juu ya kikaango, na kwa ajili hiyo mchele wa kwanza ukaungua kupita kiasi, nikalazimika kuanza upya.

Furaha alifika kwa ndege kwa ajili ya kutoa matanga. Akaonja zote mbili, ile ya asali na ile nyeusi. Sikumwambia kitu. Akakunja uso. "Papa, tafadhali, weka ile ya mahindi mu chungu. Mjomba Lutala anaijua pombe ya kwao. Ukimupa hii nyeusi atasema umemutukana, atabeba chungu, na weye utabaki unalia." Alikuwa na haki. Kama ningekuwa na akili ningemfuata. Ile ya mahindi ilikuwa pombe ya Pangi bila kosa, hakuna ambaye angeikataa. Lakini ningekibakizaje chungu chako kwa pombe ambayo hukuwahi kuipika humu ndani? Nikatia ile nyeusi. Furaha akatoka nje akapiga mlango. Kichwa chako, nimesema.

Kaka yako alikuja amevaa koti. Wakakaa kwenye mikeka, sala ikasomwa, nguo nyeusi zikavuliwa. Nikamchotea mwenyewe kutoka kwenye chungu, mbele ya watu. Akatazama rangi yake. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "hii si pombe ya kwetu."

Niliona vijana wake wawili wanatazama chungu, tayari kukibeba. Na unanijua, nikakasirika, nikasahau kwamba nilipaswa kubembeleza. Nikamwambia, "Najua si ya kwenu! Ni ya dada yako." Nikamwambia yote. Mchele, kikaango, kigoda, jikoni. Furaha alikuwa amesimama mlangoni akisikia kwa mara ya kwanza, akafunika mdomo.

Lutala akasema pole pole, "Wakati wa vita alitutumia habari na muntu wa baiskeli. Alisema tusijali, hapa wanakula vizuri, mpaka wanapika na pombe." Akatikisa kichwa. "Tulifurahi. Pangi yote tulifurahi."

Akachukua kikombe. Akanywa mpaka chini, pamoja na machicha, akakipindua kuonyesha kimekwisha. Halafu akawaambia vijana wake: "Chungu cha kwetu kilikuja huku na dada, zamani. Kingepika pombe ya kwetu, ningesema kimekumbuka kwao, ningekirudisha. Lakini hii hatuijui. Hii ilizaliwa hapa. Mukiache."

Wakaenda zao, chungu kikabaki. Nimeshinda, Mama Furaha, na bado nina hasira. Watu wanadhani mtu akishajua anatulia. Mimi nimejua, na usiku na mchana nakugombeza moyoni. Pombe iliyobaki sijaimaliza. Naionja kidogo, uchungu ule unabaki nyuma ya ulimi, na siwezi kusema ongeza.

Furaha amerudi Kinshasa leo asubuhi. Nilipobaki peke yangu nilipika mchele, mweupe, wa kujaa sufuria, sikuunguza hata punje. Nimepakua sahani yangu, na nimepakua yako, imejaa mpaka pembeni, nimeiweka pale karibu na chungu, mbele ya kigoda chako. Kula, mke wangu. Kula kwanza. Na usiniambie umeisha kula kwa jikoni.

Mume wako,
Baba Furaha